Safari ndefu ya kuisaka simu iliyoibwa Kitui na Makueni

MTU anayeporwa simu sokoni Mwingi, au akachomolewa katika kituo cha matatu cha Emali, hupoteza mengi zaidi ya chombo cha kuzungumzia. Tangu kampuni ya Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa mnamo Machi 2007, simu imekuwa pochi, kitabu cha benki na daftari la madeni kwa pamoja.

Hasara yenyewe haiishii kwenye fedha zilizomo. Baada ya mikopo ya M-Shwari kuanzishwa mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019, mwizi anayeifahamu nambari ya siri anaweza pia kukopa, na deni likabaki kwa jina la aliyeibiwa. Ndiposa saa ya kwanza baada ya wizi ina thamani kuliko wiki nzima ya upelelezi inayofuata.

Katika saa hiyo, linalotangulia si kuisaka simu bali kuifunga laini. Mwenye simu huazima ya jirani, akapiga nambari 100 ya kuhudumia wateja, akathibitisha kwa nambari ya kitambulisho kuwa laini ni yake, kisha akaomba ifungwe pamoja na akaunti ya fedha. Baadaye atapewa kadi mpya yenye nambari ile ile ya zamani. Wengi hufanya kinyume: huanza kwa kuipigia simu yao mara kumi, wakimsihi mwizi airudishe, naye huku anajaribu mwaka wao wa kuzaliwa kama nambari ya siri.

Laini ikishafungwa, huanza kazi ya pili, nayo ni ya kukisaka chombo chenyewe. Hapa ndipo raia wengi huduwaa, kwa sababu wamezoea kudhani kuwa nambari ya simu na simu ni kitu kimoja.

Kila simu ya mkono hutoka kiwandani ikiwa na nambari yake ya utambulisho, iitwayo IMEI, yenye tarakimu 15. Tarakimu 8 za kwanza hueleza aina ya simu na mtengenezaji, 6 zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 14 zilizotangulia ili kunasa makosa ya kunakili. Nambari hiyo huonekana mtu akibonyeza *#06#, na aghalabu huchapishwa kwenye katoni na chini ya betri. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili za aina hiyo.

Laini ni kitu kingine kabisa. Mwizi huitupa kichakani, akaweka yake. Lakini punde simu inapowashwa na kutafuta mnara, hujitambulisha kwa mtandao kwa IMEI ile ile iliyotoka nayo kiwandani, pamoja na utambulisho wa laini hiyo mpya. Mitambo ya kampuni huweka kumbukumbu ya yote mawili, pamoja na mnara uliotumika na saa.

Kwa hivyo, swali ambalo afisa wa upelelezi huiuliza kampuni ya simu ni fupi: tangu tarehe ya wizi, ni laini zipi zilizotumika katika simu yenye IMEI hii? Jibu likija, huja na nambari ya laini, na nyuma ya nambari hiyo lipo jina na kitambulisho. Jambo hili halikuwezekana zamani. Usajili wa laini uliagizwa na serikali ya Rais Mwai Kibaki mwaka 2009, na wenye laini wakatakiwa kujiandikisha mwaka 2010. Kabla ya hapo, laini ilinunuliwa dukani kama kiberiti, na aliyeitumia hakujulikana.

Hata sasa jina lililosajiliwa huweza kupotosha. Zipo laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, na ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya wateja waitwe tena kuhakikisha usajili wao mwaka 2022. Mpelelezi mwangalifu, basi, hatosheki na jina. Hutazama pia ni nani anayepigiwa simu mara kwa mara kutoka laini hiyo, kwa kuwa mtu huweza kukopa kitambulisho cha mwingine lakini hampigii mama wa mwingine kila jioni.

Kampuni haimpi mteja habari hizi moja kwa moja, hata akija na katoni na risiti mkononi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikazidi kukaza kamba. Ni sharti ombi lipitie kwa polisi, kwa barua rasmi au amri ya mahakama. Kwa sababu hiyo, yeyote anayejitangaza kuwa ataisaka simu ya mtu kwa kutumiwa ada kwanza, huku hana cheo wala kituo, anatafuta mwathiriwa wa pili katika yule yule wa kwanza.

Njia halali huanzia kwenye meza ya ripoti ya kituo cha polisi. Mlalamishi hueleza mahali, saa na namna simu ilivyochukuliwa, na maelezo yakaandikwa katika kitabu cha matukio. Hupewa nambari ya OB, ambayo ndiyo ufunguo wa kila kitu kitakachofuata. Baada ya hapo jalada hupelekwa kwa maafisa wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Kuandikisha ripoti hakutozwi ada, na anayedaiwa chochote na afisa ana haki ya kulalamika kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Namna wizi ulivyotendeka hubadilisha uzito wa jalada. Simu iliyochukuliwa mezani ni wizi wa kawaida, ambao chini ya Kanuni ya Adhabu kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Iliyopokonywa kwa panga njiani ni unyang'anyi wa kimabavu, kosa ambalo adhabu yake iliyoandikwa katika kifungu cha 296 ni kifo. Si ajabu kwamba simu ya shilingi elfu mbili huweza kusababisha mojawapo ya kesi nzito kabisa katika mahakama ya Kitui au Makindu, na rekodi za simu hiyo zikawa ndizo ushahidi mkuu.

Jiografia nayo ina neno lake. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 katika eneo linalozidi kilomita 30,000 za mraba. Makueni, yenye watu 987,653, ina eneo la takriban kilomita 8,000 tu za mraba. Mnara wa mfumo wa GSM huweza kufikia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, hasa ukiwa umesimamishwa mlimani na mbele yake ni nyika tambarare. Mjini, ambako minara imesongamana, kujua mnara ni kujua mtaa. Kule Mutomo au Ikutha, kujua mnara huweza kuwa sawa na kuambiwa kuwa simu imo tarafani.

Ni kweli kwamba antena za mnara hugawanya eneo lake, kwa kawaida katika pande tatu, na mtandao huweza kukisia umbali wa simu kwa hatua za mita 550 hivi. Bado kinachopatikana ni kipande cha ardhi chenye maboma, mashamba ya pojo na vichaka. Mshale unaoelekeza mlangoni, kama watu waonavyo katika filamu, haupo. Na simu ikizimwa, haina sauti yoyote. Kinachobaki ni kumbukumbu ya mnara wa mwisho.

Aidha, bidhaa ya wizi haikai mahali pamoja. Makueni imekatwa na barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, inayopita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, na tangu 2017 reli mpya ina vituo katika miji mitatu kati ya hiyo. Mwingi iko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui ilipotiwa lami, kaunti hizo mbili zikawa majirani wa karibu kuliko hapo awali. Simu iliyoibwa Kitui asubuhi yaweza kuuzwa Kibwezi kabla ya machweo, na jalada lililofunguliwa katika kituo kimoja likahitaji maafisa wa kituo kingine.

Simu za kisasa zina njia ya mkato. Mwenye kuingia katika akaunti yake ya Google au Apple kupitia simu nyingine huweza kuona chombo chake kilipo kwenye ramani, kukifunga au kukifuta. Simu za Android zilizotoka tangu 2015 zina kizuizi kinachodai akaunti ya mwenyewe hata baada ya kufutwa kila kitu. Matokeo yake ni kwamba mwizi huiuza kama vipuri: kioo huku, betri kule. Lakini kwa simu ndogo za vibonye, zile zilizobatizwa jina la 'mulika mwizi' kwa sababu ya tochi yake, ramani hiyo haipo. Chombo chenye jina hilo hakina uwezo wowote wa kummulika aliyekiiba.

Kuna pia tatizo la simu bandia. Mnamo Septemba 30, 2012, Tume ya Mawasiliano nchini wakati huo, CCK, iliweka mwisho wa matumizi ya simu zisizo halisi, na zaidi ya simu milioni moja zikazimwa. Wananchi waliambiwa watume IMEI kwa nambari 1555 ili kujua iwapo simu zao ni halali. Simu nyingi bandia zilikuwa zimebandikwa IMEI iliyonakiliwa, moja kwa maelfu ya simu. Ukiomba kusakiwa simu ya aina hiyo, mtambo hurudisha msururu wa laini kutoka pembe zote za nchi, na upelelezi ukafia hapo. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano iliyorekebishwa mwaka 2009. Uingereza iliharamisha jambo hilo mapema zaidi, mwaka 2002.

Mpango wa Mamlaka ya Mawasiliano (CA) wa kufunga mtambo mmoja wa kutambua simu bandia na zilizoibwa katika mitandao yote ulichukua miaka mahakamani. Mahakama Kuu iliukataa mwaka 2018 kwa hofu ya udukuzi, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono upande wa mamlaka mwaka 2023. Tanzania ilianza mtambo wake wa namna hiyo mwishoni mwa 2015 na kuzima simu bandia Juni 2016.

Huku serikali na mawakili wakivutana, Ukambani kulikuwa na utaratibu mwingine tangu jadi. Kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko vyote, kiliandikwa na wageni mapema katika karne ya 20, akiwemo Charles Dundas aliyekuwa mtawala Kitui na Gerhard Lindblom wa Uswidi. Iliaminika kuwa aapaye uongo angekufa, na jamaa zake wakamfuata. Watawala wa kikoloni wenyewe walikiruhusu katika mabaraza ya wenyeji, kwa kuwa kilimaliza mashauri ambayo ushahidi ulishindwa kuyamaliza.

Ingali ipo, basi, tabia ya mtu kutangaza sokoni kwamba atakwenda kwa mganga, na vitu vilivyopotea vikaonekana usiku mlangoni. Kitisho hicho hufanya kazi kwa anayekiamini. Kwa asiyekiamini hakifai kitu, na mganga anayemtaja mtu kwa jina huweza kuleta msiba, maana umati hauombi rekodi za mnara kabla ya kuokota mawe. Sheria ya Uchawi, ya mwaka 1925, inaharamisha kujaribu kumgundua mhalifu kwa njia hizo.

Kosa kama hilo huweza kufanywa hata na wenye rekodi za kisasa. Laini inayopatikana katika simu ya wizi humwonyesha anayeitumia leo, ambaye huenda ni mnunuzi wa tatu: mwanafunzi aliyenunuliwa na mjomba, au mkulima aliyeuziwa kwa bei nafuu siku ya soko. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kupokea mali huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa ni kosa la kifungo kisichozidi miaka 14, mara nyingi zaidi ya adhabu ya mwizi wa kawaida. Kinachomwokoa mnunuzi mwema ni uwezo wa kueleza aliipata wapi, kwa nani, kwa kiasi gani. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha malipo kwa jina la muuzaji umekuwa kinga bora kuliko kiapo.

Mahakama ya Rufaa imeweka mambo manne ya kuthibitishwa kabla ya mtu kutiwa hatiani kwa sababu tu alikutwa na mali ya wizi: kwamba ilipatikana kwake, kwamba ni ya mlalamishi bila shaka, kwamba iliibwa kwake, na kwamba iliibwa karibuni. Neno 'karibuni' hupimwa kwa wepesi wa mali hiyo kupita mkono hadi mkono. Ng'ombe si sawa na simu, na miezi kadhaa kwa simu ni muda mrefu mno.

Jambo la pili kati ya hayo manne ndilo linalowakwaza walalamishi wengi. Kusema 'ninaijua, ina mkwaruzo pembeni' hakutoshi. Hudaiwa risiti au katoni yenye IMEI, na nambari hiyo ilingane na ile iliyo ndani ya simu. Rekodi za kampuni nazo ni lazima ziambatane na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, la sivyo karatasi zote hizo huweza kutupwa nje.

Na simu ikipatikana, haimrudii mwenyewe siku hiyo. Hutiwa katika bahasha, ikaandikwa nambari ya kesi na kuwekwa kama kielelezo. Hakimu ana mamlaka ya kuamuru irudishwe, na upande wa mashtaka huweza kuomba ipigwe picha kwanza ili itoke mapema. Bila ombi hilo hukaa kituoni hadi kesi iamuliwe, betri ikiwa imekufa zamani, huku mwenyewe akiendelea kupokea simu kwa laini yake ile ile katika chombo kingine.