Hifadhi

Katika sheria za wakimbizi, hifadhi ni ulinzi ambao nchi humpa mgeni aliyekimbia kwao kwa kuhofia kuteswa au kuuawa, asiweze kurudi salama. Lugha za Ulaya hulitaja jambo hili kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mahali ambapo mtu hakamatwi. Kiswahili kina kimbilio, lililo karibu sana na maana hiyo, ila kimbilio ni mahali tu. Hifadhi humtaja pia anayelinda na wajibu wake, na kwa sababu hiyo ni istilahi bora. Kasoro yake ni kwamba neno hilo hutumika pia kwa maeneo ya wanyamapori: likisimama peke yake Songea, kusini mwa Tanzania, msikilizaji huwaza tembo wa Selous. Ndiyo maana husemwa kuomba hifadhi, mwomba hifadhi.

Mwomba hifadhi ni yule ambaye ombi lake halijaamuliwa. Akikubaliwa hutambuliwa kuwa mkimbizi. Kutambuliwa, si kufanywa: ukimbizi ulianza siku alipokimbia, na neno lenyewe, lililotokana na kukimbia, linashuhudia hivyo.

Mkoa wa Ruvuma uliyajua haya mapema. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, familia nyingi zilivuka mto Ruvuma, na baadhi yao zikapewa makazi Muhukuru, wilayani Songea. Wengine walifikia kwa ndugu, maana Wayao wako ng'ambo zote mbili, na huko waliitwa wageni tu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi ili iwaguse pia watu kama hao, wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko, hata kama hakuna anayemwinda mmoja wao kwa jina.

Leo, nchini Tanzania, njia ya kuomba hifadhi inaongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Aliyeingia nchini anatakiwa kuripoti ndani ya siku 7, na anaweza kwenda hata kwa mtendaji wa kijiji. Kisha huhojiwa.

Hapo ndipo msaada wa kisheria unapohitajika kuliko popote. Mtu aliyechomewa nyumba, akiulizwa amefuata nini Tanzania, hujibu kwa adabu: "Nimekuja kutafuta maisha." Kwake maisha ni kutokufa. Kwenye karatasi, maisha ni kazi na kipato, na ombi linadhoofika kwa neno moja. Swali la haki ni hili: ulikimbia nini, na ukirudi kutatokea nini?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, pamoja na mawakili, wasaidizi wa kisheria. Msaidizi haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini anaweza kumweleza maana ya maswali kabla hajahojiwa, na kumwambia aombe asomewe maelezo yake, polepole, kwa lugha anayoielewa, kabla ya kuweka dole gumba.