Rangi ya Chini ya Boneti

Ndugu wasikilizaji, wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliisoma tangu shule ya msingi, lakini maana yake kamili niliipata kando ya barabara kuu pale Chalinze, mwaka 2016, boneti ikiwa wazi na jua likiwa utosini.

Gari lile nilikuwa nimelinunua wiki tatu tu kabla ya siku hiyo, kwa mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa kazini. Lilikuwa gari dogo lililotumika, limetoka Japani, limepangwa na wenzake katika yadi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Muuzaji alipofungua boneti nilikutana na kava la plastiki juu ya injini, jeusi ti, linang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Mimi niliyefundishwa chuoni kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini, sikuuliza hata swali moja. Nilijisemea moyoni kwamba aliyetunza gari hadi chini ya boneti hawezi kuwa amelitesa. Nikalipa.

Siku ya Chalinze tulikuwa tunampeleka mama yangu mzazi Morogoro kumzika kaka yake. Injini ikaanza kumisi, kama wasemavyo mafundi, kisha ikakosa nguvu kabisa. Fundi wa hapo akafungua nati nne, akalivua lile kava. Chini yake hapakuwa na gwaride. Gasketi ya tapeti kava ilikuwa imekufa siku nyingi, visima vya plagi vimejaa oili, na koili mbili zimelowa chepechepe. Halafu ule weusi wa kava ukaanza kubanduka mkononi mwake kama ganda la kitunguu.

"Kaka," akaniambia kwa upole, "hapa umeuziwa rangi."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza rangi ilifikaje chini ya boneti, mahali ambapo dereva wengi hawatazami mpaka gari ligome. Nimesoma na kuulizia, na leo ningependa tuifuate safari hiyo pamoja. Naam, ina hatua tatu: chuma, alumini na plastiki.

Hatua ya kwanza ni ya chuma. Injini za mwanzo zilikuwa na vitalu vya chuma cha kusubu, na chuma, kama tujuavyo sote tulioezeka mabati, hula kutu. Rangi juu ya injini ilikuwa ni kinga. Katika zama hizo hata rangi ya bodi ilichaguliwa kwa mahitaji ya kazi kuliko kwa mahitaji ya macho. Henry Ford alitengeneza Model T kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na kati ya 1914 na 1925 yalitoka kiwandani yakiwa meusi tu, kwa kuwa weusi ule ulikuwa rahisi kwa bei na ulidumu. Mlango wa rangi nyingine ulifunguka mwaka 1923, pale kampuni za DuPont na General Motors zilipoleta rangi iliyoitwa Duco, ambayo ilikauka kwa saa chache badala ya siku nyingi.

Baadaye rangi ya injini ikapata kazi ya pili, nayo ni utambulisho. Kwa miaka mingi nchini Marekani injini nyingi za Chevrolet zilipakwa rangi ya chungwa, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 zile za Ford zikapakwa buluu. Fundi alipofungua boneti alijua yuko kwa nani kabla hajasoma namba yoyote. Rangi hiyo ilimsaidia pia kwa namna nyingine: juu ya chuma kilichopakwa rangi, oili inayovuja huacha alama nyeusi inayoonekana mara moja.

Hatua ya pili ni ya alumini. Madini haya ni mepesi, na hayali kutu kama chuma, kwa hiyo hayakuhitaji sana kinga ya rangi. Hapo ndipo rangi ilipoanza kuwa ya fahari. Mwaka 1957 kampuni ya Ferrari ya Italia ilitoa gari la mashindano lililoitwa 250 Testa Rossa. Maana ya jina hilo ni Kichwa Chekundu, na wekundu uliokusudiwa haukuwa wa bodi. Ulikuwa wa vifuniko vya juu ya injini, vile ambavyo mafundi wetu huviita tapeti kava. Gari hilo lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1958, 1960 na 1961. Mwaka 1984 Ferrari ikalirudisha jina hilo kwa gari la barabarani, na vifuniko vyekundu vikarudi pamoja nalo. Kijana wa leo anayepaka tapeti kava rangi nyekundu huko Kinondoni anafuata nyayo hizo, hata kama hajapata kulisikia jina hilo.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonifikisha Chalinze, nayo ni ya plastiki.

Plastiki iliingia kwenye magari kwa unyenyekevu. Mwaka 1907 mkemia mzaliwa wa Ubelgiji, Leo Baekeland, akiwa Marekani, alitengeneza bakelaiti, na mwaka 1909 akaitangaza kwa wanasayansi wenzake. Haikuyeyuka kwa joto wala haikupitisha umeme, kwa hiyo ilifaa sana kwa vifaa vya umeme wa injini. Nailoni ikafuata mwaka 1935, kazi ya Wallace Carothers wa DuPont. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milan, Italia, akapata polipropilini, aina ile ile ambayo leo tunaiona kwenye ndoo na viti vya sherehe. Natta na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963.

Kisha dunia ikabadilika. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, watengenezaji walilazimika kupunguza uzito wa magari, na plastiki ikapata nafasi kubwa zaidi. Kabureta nazo zikaondoka. Katika Jumuiya ya Ulaya sheria za moshi zilizokamilika mwaka 1993 zililazimisha magari mapya ya petroli kutumia mifumo ya kompyuta, na chini ya boneti kukawa na msitu wa waya na mipira. Kelele nazo zikabanwa: kanuni ya Ulaya ya mwaka 1992 ilishusha kiwango cha kelele za gari dogo kutoka desibeli 77 hadi 74. Kava la plastiki lenye sifongo kwa ndani likawa jibu la mambo mawili, kuficha ule msitu na kupunguza kelele. Magari ya kifahari kama Lexus LS 400, iliyotoka mwaka 1989, yalikuwa miongoni mwa yaliyoionyesha dunia injini iliyovikwa nguo namna hiyo. Baada ya muda hata magari ya kina sisi yakaivaa.

Tazameni basi ilivyogeuka. Juu ya chuma rangi ilikuwa kinga, na juu ya alumini ikawa fahari. Plastiki haina kutu ya kukingwa, na kiwandani hutoka na rangi yake ndani ya mwili wake. Mtu akiipaka tena, anapaka kwa ajili ya macho tu.

La kushangaza ni kwamba plastiki yenyewe mara nyingi huikataa rangi. Geuzeni kava, na mara nyingi mtakuta herufi zimechorwa ndani yake. PA ni nailoni, nayo hupokea rangi vizuri kiasi. PP ni polipropilini, na rangi juu yake ni kama maji juu ya jani la yungiyungi, hukaa bila kushika. Ndiyo maana lile la kwangu lilibanduka. Aliyelipaka alipuliza rangi moja kwa moja juu ya vumbi na oili, akapeleka yadi.

Mimi sisemi kwamba kupaka kava ni kosa, la hasha. Fundi mwaminifu hulivua likiwa limepoa, akaliosha kwa sabuni mpaka mafuta yote yaishe, akalipiga msasa laini, akatanguliza praima maalumu ya plastiki, kisha akapuliza rangi inayostahimili joto kwa matabaka mepesi, akiliacha likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Hagusi lebo wala maandishi ya kwenye kifuniko cha oili. Kazi hiyo huchukua siku nzima, na mwenye kuifanya lazima atazame kilichoko chini, maana kava liko mkononi mwake. Yule aliyepaka la kwangu naye alikitazama. Aliiona oili ile, akaamua kuwa rangi ni rahisi kuliko gasketi.

Gasketi yenyewe, ndugu wasikilizaji, haikuwa ghali. Iliponipasa kubadili na koili pamoja na plagi, ndipo mfuko ulipolia. Lakini hasara kubwa haikuwa ya mfuko. Tulifika Morogoro jioni, kaburi likiwa limekwisha fukiwa na waombolezaji wamerudi nyumbani. Mama alisimama pale kwa muda mrefu bila kusema neno. Hakunilaumu, wala hadi leo hajanilaumu, na mimi hadi leo sijaacha kujilaumu kwa swali ambalo sikuliuliza.

Kava lile bado ninalo. Nilisugua weusi wote kwa msasa, na sasa lina rangi yake ya kijivu ya kiwandani, lenye mikwaruzo mingi. Kila Jumapili asubuhi mwanangu hunisaidia kulivua. Tunatazama, tunafuta, tunalirudisha.

Kwa hiyo, unayekwenda yadi juma hili na akiba yako au na mkopo wako, usione haya kumwomba muuzaji alivue kava la injini. Ni nati chache tu, wala si kazi ya dakika tano. Akikubali, inama utazame. Akianza kukueleza jinsi linavyong'aa, mwage kwa adabu uende yadi ya pili.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaliwa.