Msamiati wa Kiingereza: Mwanafunzi wa Haneti aanzie wapi kabla ya mtihani?

Na Mwandishi Wetu

MTOTO anayekulia Haneti, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, aghalabu huanza kusema kwa Kigogo nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha aingiapo kidato cha kwanza hukuta kemia na jiografia zikifundishwa kwa Kiingereza. Miaka minne baadaye Baraza la Mitihani la Tanzania humpima kwa lugha hiyo hiyo.

Utaratibu huo una umri mrefu. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki sekondari. Hatari yake ilijadiliwa kwa uchungu baada ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, na mwaka 2013 matokeo hayo yakafutwa na kupangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hakuna anayeweza kujibu vema swali asilolielewa.

Je, ni maneno mangapi yanayohitajika?

Wengi hudhani dawa ni kukariri kamusi. Wataalamu wanaonesha njia fupi zaidi. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand akaongeza koo 570 za maneno yatumikayo sana katika maandiko ya taaluma, kama vile “analyse”, “factor” na “process”. Katika maandiko aliyoyachunguza, orodha hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na takriban asilimia 86 ya maneno yote.

Hesabu yake inawezekana. Mwanafunzi anayejifunza maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki, hupata maneno 25. Kwa mwendo huo maneno 2,000 humalizika kwa wiki 80, yaani takriban miaka miwili ya masomo, na zile koo 570 kwa wiki 23 zaidi. Anayeanza kidato cha kwanza atakuwa amemaliza kabla ya kidato cha nne. Anayesubiri miezi mitatu ya mwisho hawezi.

Jifunze kwa ukoo

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji asioutambua. Anajua kuwa lima, kilimo, mkulima na limika ni ndugu. Kiingereza nacho hunyambua: “produce” huzaa “production”, “producer” na “productive”. Tofauti ni kwamba Kiswahili huweka alama ya mtendaji mwanzoni, m- ya mkulima, ilhali Kiingereza huiweka mwishoni. Ajifunzaye ukoo mzima hupata maneno manne kwa gharama ya moja.

Mizizi ya Kigiriki na Kilatini nayo husaidia. “Geo” ni ardhi, na anayejua hivyo hatishwi na “geography” wala “geology”. Hata krisoprasi, jiwe la kijani lililoitambulisha Haneti kwa wafanyabiashara wa vito, jina lake limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: dhahabu, na mboga ya jamii ya kitunguu yenye majani ya kijani.

Maneno yanayoamuru

Yapo maneno machache ambayo mwanafunzi akiyakosea hupoteza alama hata kama somo analijua. “Define” humtaka atoe fasili, “outline” ataje mambo makuu kwa ufupi, na “distinguish” aoneshe tofauti. “Account for” humtaka aeleze sababu; anayelijua neno “account” kwa maana ya akaunti ya benki tu atapotea. “Assess” humtaka apime uzito wa jambo, si kulisimulia. Maneno haya yapewe kurasa za kwanza za daftari.

Kurudia kwa vipindi

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionesha mwaka 1885 kuwa sehemu kubwa ya tulichokariri husahaulika mapema, na kwamba kurudia kwa vipindi hushinda kukariri kwa mkupuo. Haihitaji kompyuta. Kata vipande vya karatasi ngumu, andika neno upande mmoja, na upande wa pili maana pamoja na sentensi uliyoitunga mwenyewe. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, wiki moja na mwezi. Neno lililosahaulika lirudi mwanzo.

Kiswahili si adui

Baadhi ya shule huwakataza wanafunzi kusema Kiswahili. Uzoefu wa mradi uliovishirikisha Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza katika muongo wa 2010 unaelekea kwingine. Vitabu vyake vya majaribio kwa kidato cha kwanza vilitumia Kiingereza chepesi, picha na faharasa ya Kiswahili. Mwanafunzi aelewe dhana kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha aivike neno la Kiingereza.

Kwa wanaolenga vyuo vya ng’ambo, njia ni hiyo hiyo. Mtihani wa SAT wa Marekani uliachana na maneno adimu mwaka 2016, ukaanza kupima maana ya maneno yanayotumika sana, kama yalivyo ndani ya kifungu. Zama za kukariri kamusi zimepita hata huko.

Kwa mzazi wa mjini ambaye mwanawe alianza na Kiingereza tangu chekechea, maneno haya 2,000 huja yenyewe. Kwa wa Haneti hayaji bila mpango, naye atakaa mbele ya karatasi ile ile, siku ile ile. Shule inayompa maneno matano kila siku tangu kidato cha kwanza itakuwa imempunguzia sehemu kubwa ya tofauti hiyo.