Maiti Iliyopita Unyanyembe

Mnamo mwezi wa Oktoba 1873 Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa manowari za Kiingereza, alikuwa yu hoi kwa homa katika nyumba ya Kwihara, alimokaribishwa na Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, alipofikiwa na Chuma, mmoja wa wapagazi waliokuwa wakija kutoka kusini, aliyeutangulia msafara wao, mkononi ana barua. Barua hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza na mwenzake Jacob Wainwright, haikumkusudia Cameron, bali ilielekezwa kwa Oswell, mtoto wa Daktari David Livingstone, kwa kuwa wapagazi walikuwa wamesikia uvumi njiani kwamba ndiye aliyekuja na msafara wa kumtafuta babaye. Ilimwarifu kwamba Daktari amefariki, kwamba mwili wake uko njiani, na kwamba wanaouleta wana njaa.

Kwihara ni jirani ya Kipalapala, mahali ambapo Mapadre Weupe waliweka misheni yao katika miaka ya 1880, na ambapo baadaye pakawa na seminari kuu na kiwanda cha chapa ambacho vitabu vyake vimesomwa na Waswahili wengi. Nchi hii, ambako njia kuu itokayo Bagamoyo iligawanyika, moja ikishika Ujiji na nyingine Karagwe hata Buganda, ilizoea kuona pembe, nguo, shanga na, kwa masikitiko makubwa, watu waliofungwa minyororo. Walakini maiti iliyobebwa mabegani miezi na miezi, na watu wasio nasaba naye, ili ikazikwe kwa jamaa zake, ilikuwa jambo ambalo Unyanyembe haikupata kuliona.

Wengi wamekwisha kuisimulia safari hiyo kwa ajili ya ushujaa wake, na ushujaa ulikuwapo. Mimi naisimulia kwa ajili ya karatasi zake. Siku hizi, likizungumzwa jambo la mtu kutoa mwili wake baada ya kufa ili wanafunzi wa utabibu wajifunze, watu huona kwamba hati zinazodaiwa, yaani wasia ulioshuhudiwa, cheti cha tabibu kinachotaja sababu ya kifo, daftari la anayeipokea maiti na hati ya maziko mwishoni, ni usumbufu wa maofisini uliobuniwa kumchosha mfiwa. Wapagazi wale hawakuwa na ofisi wala sheria iliyowalazimisha, nao karibu kila moja ya mambo hayo walilitenda kwa akili yao wenyewe, kwa kuwa walifahamu kwamba mwili usio na ushahidi hauna mtetezi.

Livingstone alifia katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, ambayo leo imo katika Zambia, usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873. Kulipokucha wapagazi walikusanyika, masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya wote ili dhamana iwe ya wote, na Jacob, aliyekuwa amesomeshwa katika shule ya wamisionari ya Nasik huko Bara Hindi baada ya kukombolewa utumwani, akaandika orodha ya vitu vyote katika daftari dogo la Daktari mwenyewe. Mtemi Chitambo kwanza alifichwa habari, kwa kuogopa faini na lawama. Alipoijua hakughadhibika, bali aliwauliza kwa nini hawakumwambia, akaja na watu wake kumwomboleza mgeni, na idhini ya kuutengeneza mwili akaitoa. Kazi ile ilifanywa mbali kidogo na kijiji, ndani ya ua uliojengwa mahususi, na aliyeifanya ni Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia tabibu mmoja Unguja na hivyo alikuwa ameona jinsi maiti zinavyopasuliwa. Wenzake walishika blanketi kama pazia ili kumsitiri marehemu. Farijala akatoa moyo na matumbo, akaona upande wa kushoto bonge la damu iliyoganda lenye ukubwa wa kiganja cha mtu, nao ushahidi huo ukahifadhiwa katika kauli zao. Vilivyotolewa viliwekwa ndani ya debe la bati vikazikwa papo hapo, Jacob akisoma sala za maziko, na juu ya mti uliosimama karibu akachonga jina na tarehe. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa nguo na magome ya mti na turubai, ukatungikwa kwenye mti wa kuchukulia.

Tabibu wa leo akiisoma habari hii atayatambua yote: ridhaa ya mwenye mamlaka ya mahali, upasuaji uliofanywa mbele ya mashahidi, sababu ya kifo iliyotafutwa, sitara, na viungo vilivyozikwa kwa heshima badala ya kutupwa.

Huko Kwihara, Cameron aliwauliza kama si bora maiti izikwe pale pale Unyanyembe, maana njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa, wakasema wamekusudia kuifikisha. Wakaondoka kuelekea pwani, pamoja na Wazungu wawili wa msafara wa Cameron, mmoja wao, Dakta Dillon, akijiua kwa bunduki Kasekera kwa mateso ya homa. Na ni hapo Kasekera, mwendo wa siku chache tu kutoka Tabora, ambapo wenyeji walikataa katakata kupitisha maiti katika nchi yao. Wapagazi walifanya shauri usiku. Mwili waliufungua katika magome yake, wakauviringisha upya kwa nguo hata ukawa kama robota jingine lolote la bidhaa. Kisha wakakata mabua ya mtama kwa kipimo cha mtu, wakayavika sanda, na watu sita waaminifu wakaambiwa wayachukue kuyarudisha Unyanyembe, eti wanakwenda kuzika. Lakini waliona kwamba sanda peke yake haitoshi. Walikunja karatasi kwa umbo la barua, wakaibana katika ufa wa fimbo, kama afanyavyo tarishi, ili kila atakayekutana nao aone kwamba maiti hii inakwenda kwa wenyewe na habari zake zimeandikwa. Wenyeji wakaridhika. Walipofika porini wale sita waliyatupa mabua moja moja, wakarejea kwa wenzao kwa siri, na robota lenye mwili halisi likaendelea mashariki.

Nimeitafakari sana karatasi hiyo. Sidhani kwamba iliandikwa neno. Lakini katika nchi ambamo wachache mno walijua kusoma, kila mtu alikwisha kufahamu kwamba maiti yenye hati ina watu wake, na kwamba isiyo na hati yaweza kuzuiwa, kuibwa au kusahauliwa.

Msafara uliingia Bagamoyo Februari 1874, mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea maiti, na kaimu balozi wa Uingereza wa Unguja, Kapteni Prideaux, akaichukua. Wapagazi wakalipwa ijara yao wakaachwa waende, wala hapakuwa na nauli ya yeyote kuisindikiza hata mwisho, isipokuwa Jacob, aliyelipiwa na chama cha wamisionari. Hilo ni deni ambalo nishani zilizotengenezwa baadaye kwa ajili yao hazikuweza kulilipa.

Jioni ya tarehe 15 Aprili 1874, katika nyumba ya Chama cha Jiografia cha Kifalme huko London, mwili ulifunguliwa mbele ya waliomjua Livingstone, ili ipatikane ithibati kwamba ndiye. Uso haukutambulikana tena. Aliyepewa kazi hiyo, Sir William Fergusson, tabibu mpasuaji wa Malkia Victoria, alikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kushoto, akaukuta mfupa wa juu umevunjika zamani na haukuunga, pale simba wa Mabotsa alipomng'ata Livingstone mwaka 1844. Siku tatu baadaye akazikwa Westminster Abbey, na Jacob Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza.

Sasa inanipasa kurudi nyuma miaka 46, kwa sababu Fergusson huyo huyo alipata kuulizia maiti nyingine, wala hakupata jibu la kweli. Katika mwaka 1828 alikuwa kijana wa miaka 20, msaidizi wa Dakta Robert Knox aliyefundisha elimu ya viungo vya mwili katika mji wa Edinburgh. Sheria ya Uingereza ya wakati ule, tangu 1752, iliwapa matabibu maiti za wauaji walionyongwa tu, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko wanyongwa. Kwa hiyo watu walifukua makaburi usiku wakauza walichopata, na mlangoni kwa mwalimu hakuna aliyedai hati. William Burke na William Hare waliona njia fupi zaidi: wakawaua watu 16, masikini na wapita njia, wakamuuzia Knox miili yao. Ulipoletwa mwili wa mwanamke kijana aitwaye Mary Paterson, Fergusson aliuliza wameupata wapi, kwa kuwa alidhani anaijua sura ile. Akajibiwa kwamba amekufa kwa ulevi na kwamba mwili umenunuliwa kwa mwanamke mzee. Bei ikalipwa. Burke alinyongwa Januari 1829, na mifupa yake ingali imewekwa Edinburgh hata leo; Knox hakushtakiwa.

Katika msiba huo ndimo ilimozaliwa Sheria ya Anatomia ya 1832, mama wa sheria nyingi za namna hii katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na kwetu Afrika Mashariki mfano wake waonekana wazi katika Sheria ya Anatomia ya Kenya, Sura ya 249. Sheria hiyo ya 1832 iliweka wakaguzi na leseni za walimu. Iliamuru maiti isiondolewe ila kwa cheti cha tabibu. Ilikubali mtu kueleza matakwa yake kwa maandishi, au kwa kinywa mbele ya mashahidi wawili katika ugonjwa wake wa mwisho. Na ilitaka maiti ikimaliza kazi yake izikwe kwa heshima, na hati ya maziko ipelekwe kwa mkaguzi. Jeremy Bentham, mwanafalsafa aliyekuwa ameutoa mwili wake kwa hiari katika wasia, alikufa tarehe 6 Juni mwaka huo, akapasuliwa mbele ya wanafunzi siku tatu baadaye, sheria yenyewe ikiwa haijapata sahihi ya mfalme.

Livingstone alianza kusoma utabibu Glasgow mwaka 1836, chini ya sheria hiyo, na lazima niseme kwamba maiti alizojifunzia vijana wa kizazi chake zilikuwa aghalabu si za akina Bentham. Zilikuwa za masikini waliofia katika nyumba za kutunzia mafukara bila mtu wa kuja kuwadai. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya sheria ile: kimya cha asiye na jamaa kilihesabiwa kuwa ridhaa.

Tena iko kasoro ya pili, nayo yamhusu Livingstone mwenyewe. Juni 1868, baada ya kuona kaburi moja msituni, aliandika katika shajara yake kwamba kaburi la namna hiyo, mahali pakimya ambapo hakuna wa kuibughudhi mifupa, ndilo ambalo angelipenda. Shajara hiyo alimkabidhi mwandishi wa habari Henry Stanley, imefungwa kwa lakiri, walipoagana Unyanyembe Machi 1872, ampelekee bintiye. Basi matakwa ya marehemu yaliipita njia hii kwenda pwani katika kitabu kilichofungwa, na baada ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu mwili wake ukapita njia ile ile kuelekea mahali asipopataka. Siwalaumu wapagazi hata kidogo. Neno aliloliandika mtu na kulifungia halikuwa wasia kwao, kwa kuwa hawakuonyeshwa.

Na hata lau wangalionyeshwa, mahakama za Uingereza ziliamua mwaka 1882, katika daawa ya Williams na Williams, kwamba maiti si mali, na kwa hiyo mtu hawezi kuurithisha mwili wake kama arithishavyo shamba. Tanganyika ilipoipokea sheria ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kanuni hiyo ilikuja nayo. Maana yake kwa mtu wa Tabora anayekusudia kuutoa mwili wake ni kwamba karatasi aliyoificha sandukuni haitamsaidia. Lazima jamaa wajue, wasikie kwa masikio yao, na watie sahihi pamoja naye akiwa hai, kwani mfumo wa 1832 uliwaachia jamaa wa karibu haki ya kupinga.

Vyuo vya utabibu vya Afrika, na vya kwetu vimo, tangu Chuo cha Utabibu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa 1963, vimetegemea zaidi maiti zisizo na wa kuzidai kuliko zile zilizotolewa kwa hiari. Papa Pius wa 12, katika hotuba ya Mei 1956, alisema si haki maiti za wagonjwa masikini zihesabiwe kuwa haki ya matabibu ilhali za matajiri zinasalimika, na akataka ridhaa ya jamaa iheshimiwe. Masheikh wetu nao, wanaofundisha kwamba mfupa wa maiti una heshima sawa na wa aliye hai, hawawezi kulazimishwa kunyamaza. Wapo miongoni mwa wanavyuoni wa Kiislamu wanaojuzisha maiti kupasuliwa kwa dharura ya elimu, na mazungumzo hayo yafaa yafanyike Tabora hadharani, msikitini na kanisani, kabla mtu hajawa mgonjwa.

Naliunga mkono jambo hili la mtu kuutoa mwili wake kwa moyo wote, kwa kuwa sioni jinsi tabibu atakavyojua mahali pa kutia kisu bila kufundishwa na mwili. Lakini nataka mwalimu huyo awe amekubali kufundisha. Jina la mtoaji liandikwe katika daftari la chuo, si nambari peke yake. Jamaa wapewe nakala ya wasia siku ile ile unapotiwa sahihi, waambiwe kwa maandishi ni miezi au miaka mingapi mwili utakaa, nani atagharimia sanda na jeneza, na masomo yakiisha wataitwa kuzika wapi. Na chuo kisipoweza kuyaandika hayo yote, kisipokee.