Kanuni na visa vya kujitungia katika michezo ya uhusika ya mezani

Kanuni za kujitungia ni zile ambazo wachezaji wa michezo ya uhusika ya mezani hujiwekea wenyewe, ama kwa kurekebisha zilizochapishwa kitabuni, ama kwa kubuni mpya kabisa: fani ya mhusika isiyokuwapo, zimwi jipya, namna nyingine ya kuhesabu majeraha. Visa vya kujitungia huenda sambamba nazo. Hivyo ni ramani, watu, hatari na siri ambazo msimamizi wa mchezo huandaa ili wenzake wazipitie kwa jioni moja au kwa miaka. Katika michezo hii mtu mmoja husimamia, wengine kila mmoja hubeba mhusika wake, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa kurusha dadu. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons. Unafaa kuwa mfano mkuu hapa kwa sababu wenyewe ulizaliwa kutokana na watu kuvunja na kuunda upya kanuni za wenzao.

Asili

Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kijitabu cha kanuni za vita vya zama za kati vinavyochezwa kwa sanamu ndogo za askari, chenye nyongeza fupi kuhusu wachawi na mazimwi. Huko Minnesota, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, Dave Arneson alikuwa akiendesha mchezo wake aliouita Blackmoor. Alijaribu kutumia Chainmail, lakini humo pigo moja laweza kumwondoa askari, na wachezaji wake hawakukubali mhusika waliyekwisha kumzoea afe kwa rusho moja la dadu. Arneson akachukua pointi za uhai na daraja la kinga kutoka kwenye kanuni alizokuwa ametunga za manowari za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Meli hupigwa mara kadhaa kabla ya kuzama. Tangu hapo na shujaa vilevile. Marekebisho hayo yaliyofanywa kuwaridhisha watu wachache waliokaa meza moja leo yamo katika maelfu ya michezo, ikiwamo ya kompyuta.

Gygax na Arneson wakaunganisha kazi zao, na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, ikachapisha Dungeons & Dragons mwaka 1974, vijitabu 3 ndani ya kasha, nakala 1,000 kwa kuanzia. Kanuni zilijaa mapengo. Zilichukulia kwamba msomaji tayari anayo Chainmail, na ziliacha kisu kijeruhi sawa na shoka, kila silaha kwa dadu moja ya pande 6. Hakuna kundi lililoweza kucheza bila kujazia la kwake. Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, aliona kanuni hizo hazieleweki, akaandika zake: Tunnels & Trolls, mwaka 1975, zinazotumia dadu za kawaida za pande 6 tu. Fani ya mwizi ilibuniwa na wachezaji wa Santa Monica, California. Gygax aliposikia habari zake akaiandika kwa namna yake katika nyongeza iitwayo Greyhawk, mwaka 1975. Mwaka huohuo Lee Gold wa Los Angeles alianzisha Alarums & Excursions, jarida ambalo kila mchangiaji alipeleka kurasa zake, zikaunganishwa na kusambazwa kwa wote. Humo watu walibishana, wakaazimana mbinu, wakakosoana bila kuoneana haya. Uingereza nako, jarida la White Dwarf lilichapisha mazimwi yaliyobuniwa na wasomaji, na mengi yakakusanywa katika kitabu Fiend Folio cha mwaka 1981. Githyanki, jamii ya wapiganaji iliyobuniwa na kijana Charles Stross, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi wa riwaya, wamo hadi leo. Mmoja wao ni miongoni mwa wahusika wakuu katika Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2023.

Kupima kanuni

Kanuni yaweza kupendeza ikisomwa na kuharibu mchezo ikichezwa. Mfano ulioenea mno ni huu: anayeshambulia akipata 1 kwenye dadu ya pande 20 anaangusha silaha au anajijeruhi. Mara ya kwanza meza nzima hucheka. Lakini tazama inamwadhibu nani. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, mpiganaji wa ngazi ya 1 hushambulia mara moja kwa zamu, kwa hiyo hatari yake ni asilimia 5. Akifika ngazi ya 5 hushambulia mara 2, na hatari inakuwa asilimia 9.75. Ngazi ya 11 ni mara 3, zaidi kidogo ya asilimia 14. Ngazi ya 20, anapokuwa gwiji asiye na wa kumfikia, ni mara 4, yaani asilimia 18.5. Kadiri anavyobobea ndivyo upanga unavyozidi kumponyoka! Mchawi naye, ambaye uchawi wake mwingi humlazimu adui ndiye arushe dadu ya kujiokoa, mara nyingi haguswi. Wapo wanaopunguza madhara kwa kuihesabu katika shambulio la kwanza tu la kila zamu, ila ni afadhali kuiondoa.

Umbo la dadu nalo lina uzito wake. Dadu 1 ya pande 20 na dadu 3 za pande 6 zina wastani uleule wa 10.5, na baadhi ya watunzi hubadilisha moja kwa nyingine wakidhani ni suala la ladha. Sivyo. Kwenye dadu ya pande 20, nyongeza ya pointi 1 huleta asilimia 5 popote pale. Kwenye dadu 3, mchezaji anayehitaji 11 ana nafasi ya asilimia 50, na nyongeza hiyohiyo inampandisha hadi 62.5, huku anayehitaji 17 akiongezewa chini ya asilimia 3. Upanga wenye nguvu ndogo za ajabu, usio kitu katika mfumo wa kwanza, hugeuka hazina katika wa pili kwa anayehitaji namba za katikati.

Jambo ambalo watunzi wengi hulisahau ni kuuliza kanuni inawafanya wachezaji watende nini. Katika Dungeons & Dragons ya mwanzo, sehemu kubwa ya pointi za ujuzi, zinazompandisha mhusika ngazi, ilitokana na dhahabu iliyofikishwa nje salama, si na mazimwi yaliyouawa. Ndiyo maana wachezaji walinyemelea, walihonga, walikimbia. Vita ilikuwa dalili kwamba mpango umeharibika. Msimamizi akiamua pointi zitoke kwenye kuua peke yake, hana haja ya kubadilisha kingine chochote: watu walewale wataanza kuvunja kila mlango kwa shoka.

Kutunga kisa

Kosa kubwa katika kutunga kisa ni kuandika mwisho wake mapema, kisha kuwasukuma wachezaji waufikie. Kinachofaa kuandaliwa ni hali ya mambo: nani anataka nini, ana watu wangapi, na nini kitatokea wachezaji wasipojishughulisha. Mchoraji na mtunzi Jennell Jaquays alionyesha hilo kwa ramani katika Caverns of Thracia, kisa kilichotolewa na Judges Guild mwaka 1979. Mapango yake yana zaidi ya mlango mmoja wa kuingilia, njia zinazozunguka na kukutana tena, ngazi zilizofichwa zinazoruka tabaka zima, na makundi yanayohasimiana. Wachezaji wawili waliokipitia wanaweza kusimulia habari mbili tofauti kabisa.

Visa vya upelelezi huhitaji uangalifu wa pekee. Justin Alexander alipendekeza mwaka 2008 kwamba kila hitimisho la lazima lipewe angalau dalili tatu. Tuseme watoto wanatoweka kijijini usiku, na ukweli uko kwenye ghala lililoachwa mtoni. Dalili ikiwa moja, matope mekundu kizingitini, na nafasi ya kuigundua ni asilimia 60, basi meza 4 kati ya 10 zitakwama hapo. Ongeza mvushaji aliyeona taa juu ya maji, na daftari la duka linaloonyesha mtu ananunua mafuta kupita mahitaji yake, kila moja kwa nafasi ileile: uwezekano wa kukosa zote unashuka hadi asilimia 6.4.

Leseni

Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi mbinu ya kuchezea. Hulinda maandishi na michoro. Hata hivyo waliotaka kuuza tungo zao waliishi kwa wasiwasi hadi mwaka 2000, Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua TSR mwaka 1997, ilipotoa leseni huria iitwayo Open Game License. Chini yake zilitoka kazi nyingi, kama Nyambe ya mwaka 2002, ulimwengu wa kubuni uliochota kwenye masimulizi ya Afrika, na Pathfinder ya mwaka 2009. Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya yenye masharti makali, ikiwamo mrabaha kwa wanaouza sana. Wachezaji na wachapishaji wakaikataa kwa sauti moja. Tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo aliyeitoa hawezi kuibatilisha. Mtunzi anayezitumia anatakiwa kutaja chanzo, na anaruhusiwa kuuza alichokitunga bila kumlipa mtu.