Wakongo ndani ya kitabu cha historia ya Marekani

Kijana aliyekulia katika kambi ya Nyarugusu, akafika Texas pamoja na wazazi wake na kuingia chuo, anakutana mapema na somo ambalo hakulichagua. Sheria ya jimbo hilo inadai mwanafunzi wa chuo cha serikali asome historia ya Marekani kabla ya kupewa shahada ya kwanza, hata kama anasomea uuguzi ao hesabu. Kwa kawaida somo linagawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza inaanza na wenyeji wa Amerika kabla ya wazungu na kuishia mwaka wa 1877. Ya pili inaendelea mpaka siku hizi.

Ni ile ya kwanza inayotisha. Kiingereza cha barua zake ni cha zamani, majina ni mageni, na Wakongomani wengi wanaingia darasani wakifikiri kwamba hayo ni mambo ya wenyewe: Waingereza waliovuka bahari, uhuru wa 1776, George Washington. Wanakariri tarehe, wanapita mtihani, wanasahau. Hapo ndipo wanapojinyima kitu, kwa sababu kurasa za kwanza za kitabu hicho zina watu wa upande wetu wa Afrika, na mara nyingine wameandikwa kwa majina.

Mwaka wa 1619, merikebu iliyoitwa White Lion ilifika Virginia na Waafrika ishirini na zaidi kidogo. John Rolfe, mlowezi wa koloni hilo, alilitaja jambo hilo katika barua kwa maneno machache, kama mtu anayehesabu magunia. Kwa muda mrefu vitabu havikusema walitoka wapi. Baadaye wanahistoria walifungua karatasi za Wahispania na kukuta kwamba watu hao walinyang'anywa baharini kutoka merikebu ya Wareno, San Juan Bautista, iliyokuwa imepakia watumwa Luanda. Wakati huo gavana Mreno, Luis Mendes de Vasconcelos, alikuwa akipiga vita juu ya ufalme wa Ndongo, katika inchi ambayo leo ni Angola. Basi habari ya Virginia ilianzia katika vita vya Afrika ya Kati.

Miaka ishirini na mitano baadaye, katika mji ambao Waholanzi waliuita New Amsterdam na ambao leo ni New York, watumwa kumi na mmoja wa Kampuni ya Kiholanzi walipewa uhuru wa nusu pamoja na vipande vya ardhi. Mmoja aliitwa Simon Congo, mwingine Paulo Angola. Uhuru wa nusu, kwa kuwa walipaswa kulipa kodi kila mwaka, na watoto wao, hata wale wasiozaliwa bado, walibaki mali ya Kampuni. Mtu anaachiliwa, mtoto wake anashikwa: ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna utumwa wa Amerika ulivyojengwa, karatasi moja baada ya nyingine.

Inafaa kusimama hapa kidogo juu ya msomaji wa Uvira, Fizi ao Kalemie. Kwetu mashariki, neno utumwa linaleta mara moja jina la Tippu Tip, masoko ya Nyangwe na Kasongo, na njia ya Ujiji mpaka Zanzibar. Hiyo ni biashara nyingine, ya karne ya 19, iliyoelekea bahari ya Hindi. Watu wanaozungumziwa hapa walipita upande wa machweo. Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa Kongo, uko leo kaskazini mwa Angola, zaidi ya kilometa 1500 kutoka Fizi. Ufalme huo ulikuwa na sehemu ya jimbo letu la Kongo Central, lakini haukufika Kivu. Mwanafunzi Mbembe ao Mfuliiru anayesimama darasani na kusema kwamba hao walikuwa babu zake anasema zaidi ya anayojua. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba inchi yake imechukua jina la ufalme huo, na kwamba ana sababu ya kuujua kuliko jirani yake wa benchi.

Kuujua kunasaidia sana somo linapofika mwaka wa 1739.

Koloni la South Carolina lilikuwa tajiri kwa mpunga, na watumwa walikuwa wengi kuliko wazungu. Siku ya Yenga, tarehe 9 Septemba, watu karibu ishirini walikusanyika karibu na mto Stono. Walivunja duka, wakaua wauzaji wawili, wakachukua bunduki na baruti, kisha wakashika barabara ya kusini. Walienda kwa ngoma na bendera, wakipaza sauti wakidai uhuru. Walichoma nyumba za mashamba na kuua zaidi ya wazungu ishirini, lakini mwenye nyumba moja ya wageni walimwacha kwa sababu alijulikana kuwatendea watumwa wema. Wengine waliwafuata njiani. Mchana walisimama uwanjani, wakacheza na kupiga ngoma. Wazungu wenye silaha waliwakuta hapo, na wengi wakauawa siku hiyo ao kuwindwa majuma yaliyofuata.

Kitabu cha darasani kinaweza kupita hapo kwa aya moja: watumwa waliasi, wakashindwa. Lakini mwaka wa 1991 mwanahistoria John Thornton aliandika makala iliyouliza swali rahisi: watu hawa walikuwa nani kabla ya kuwa watumwa? Ripoti moja ya wakati huo ilisema kwamba waasi walikuwa watu wa "Angola", kwamba wengi wa watu wa huko walijua Kireno na walikuwa Wakatoliki. Thornton alionyesha kwamba kwa wafanyabiashara Waingereza neno hilo lilifunika pwani yote, na kwamba wao walinunua zaidi kaskazini, upande wa Kabinda, ambako mateka wa ufalme wa Kongo walipitishwa.

Hapo mambo mengi yanaeleweka. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka wa 1491, mwaka mmoja kabla ya Kolombo kufika Amerika. Ukatoliki wa watu wa Stono haukutoka kwa mabwana wao, ambao walikuwa Waprotestanti. Waliondoka nao nyumbani. Na tangu mfalme António wa Kwanza alipouawa Mbwila mwaka wa 1665, jamaa za kifalme zilipigania kiti kwa miaka mingi, na mateka wa vita hivyo wakauzwa. Wengi wao walikuwa askari waliojua bunduki. Katika majeshi ya Kongo ngoma, bendera na kucheza vilikuwa sehemu ya mazoezi ya vita. Mzungu aliyeandika kwamba waasi walisimama kucheza aliona watu waliolewa ushindi. Huenda aliona kikosi kinachojipanga.

Jambo hilo lina upande mchungu, na mwanafunzi asiliruke. Mwaka wa 1526 mfalme Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa. Barua hiyo inapendwa sana. Lakini Afonso mwenyewe aliuza mateka wa vita vyake. Alichokataa ni kuuzwa kwa raia wake. Baada ya Mbwila, wakubwa wa Kongo walianza kuuzana wao kwa wao.

Waasi walielekea Florida, kwa Wahispania. Tangu 1693 mfalme wa Hispania alikuwa ameahidi uhuru kwa watumwa wa Waingereza watakaokimbilia huko na kushika dini ya Kikatoliki, na mwaka wa 1738 ngome ya watu weusi walio huru, Mose, ilianzishwa karibu na mji wa St. Augustine. Mkongo anayejua Kireno angeweza kumwelewa Mhispania. Kwa hiyo haikuwa kukimbia ovyo porini. Walijua wanakokwenda na kwa nani.

South Carolina ilijibu kwa sheria ya 1740. Watumwa walikatazwa kukusanyika, kufundishwa kuandika, na kupiga ngoma. Kuhusu maandishi, karibu yote tuliyonayo juu ya Stono yametoka kwa mikono ya wazungu wa upande ulioshinda, na mwalimu mzuri wa somo hili anaanzia hapo: nani ameandika, na alitaka nani asome? Sauti moja tofauti ilichukuliwa katika miaka ya 1930, mzee George Cato alipohojiwa. Alisema kiongozi alikuwa Cato, babu wa babu yake, na kwamba alijua kuandika, akawaandikia watumwa wenzake karatasi za ruhusa ya kutembea. Karatasi za wazungu zinamwita kiongozi huyo Jemmy. Kwetu, ambako habari za ukoo zinashikwa kwa mdomo, ushuhuda wa namna hiyo hautupwi kwa sababu haukuandikwa mapema. Unalinganishwa na mingine.

Mose yenyewe iliongozwa na Francisco Menéndez, mtu aliyekuwa mtumwa South Carolina. Waingereza waliishambulia mwaka wa 1740, ikabomolewa, ikajengwa tena. Wahispania walipowaachia Waingereza Florida mwaka wa 1763, watu wa Mose hawakungoja kuona mabwana wapya watafanya nini. Walipanda merikebu pamoja na Wahispania, wakaenda kuishi Cuba.