Baruti chini ya rubani

Januari 24, 1945, katika kiwanda cha Martin-Baker huko Denham, magharibi mwa London, fundi Bernard Lynch alifungwa mikanda kwenye kiti kilichoegemea reli ndefu, na chini yake pakawekwa fataki ya baruti. Siku chache kabla, reli hiyohiyo ilikuwa imerusha mizigo ya majaribio. Sasa ilikuwa zamu ya mtu. Fataki ikalipuka, kiti kikapanda mita 1.4. Wakaongeza baruti mara kwa mara. Kiti kilipofika mita 3, Lynch akasema mwili umeanza kuumia.

Kumrusha mtu nje ya ndege kwa baruti si kazi ngumu. Kumrusha asivunjike mgongo ndiyo kazi iliyomkosesha usingizi James Martin, mwenye kiwanda hicho.

Zamani rubani aliyepatwa na janga alifungua kifuniko, akapanda ukingoni na kuruka na mwavuli wake. Kasi ya ndege ilipoongezeka, upepo ukawa unambana kitini, au unamchukua na kumbamiza mkiani. Wajerumani ndio waliotangulia kupata dawa: mwanzoni mwa miaka ya 1940, Helmut Schenk, rubani wa majaribio wa ndege ya Heinkel He 280, alijiokoa kwa kiti kilichosukumwa na hewa iliyoshindiliwa, baada ya barafu kuigandisha ndege yake. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuokolewa na kiti cha namna hiyo.

Martin alikuwa na msiba wake. Septemba 12, 1942, rafiki na mshirika wake, Kapteni Valentine Baker, alikufa akiijaribu ndege yao ya MB3, injini ilipozimika muda mfupi baada ya kupaa. Inauma kukumbuka kwamba hata viti vya kwanza vya Martin visingemfaa Baker, kwa sababu vilihitaji ndege iwe juu vya kutosha.

Majaribio ya Denham yaliendelea, na mtu mwingine aliyejitolea akaumia pingili za mgongo. Hapo Martin akatambua kwamba ukubwa wa msukumo pekee si hoja. Hatari kubwa iko katika ughafla wake. Uti wa mgongo unaweza kustahimili mara 21 ya uzito wa mwili kwa sehemu ndogo ya sekunde, mradi nguvu hiyo ipande hatua kwa hatua. Akatengeneza mtutu wenye fataki mbili, ya pili ikilipuka kiti kikiwa tayari kimeshaanza kupanda. Mpini akauweka juu ya kichwa: rubani akiuvuta, pazia linamfunika uso dhidi ya upepo, na mgongo wake unanyooka wenyewe. Kwangu huo ndio werevu mkubwa kuliko baruti yote.

Julai 24, 1946, Lynch alirushwa kutoka kwenye ndege ya Meteor iliyokuwa ikienda zaidi ya kilomita 500 kwa saa, akatua salama. Mei 30, 1949, rubani wa majaribio Jo Lancaster aliiacha ndege ya AW.52 iliyomshinda kuidhibiti, na kuwa Mwingereza wa kwanza kuokolewa na kiti hicho katika dharura ya kweli. Bado ilimbidi ajifungue mwenyewe kutoka kitini na kuufungua mwavuli kwa mkono.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kimo, lilelile la Baker. Jibu lake lilikuwa roketi chini ya kiti, inayoendeleza msukumo pale mtutu unapoishia bila kuuongezea mgongo pigo jipya. Mwaka 1961, huko Chalgrove, Doddy Hay alirushwa kutoka ardhini, bila kasi yoyote, akapaa hadi mwavuli ukapata nafasi ya kufunguka. Katika maonyesho ya ndege ya Paris ya Juni 1989, dunia nzima iliona matunda yake: MiG-29 ya Anatoly Kvochur ilipoteza nguvu ya injini moja ikiwa chini sana, naye akajirusha kwa kiti cha Kirusi cha K-36 muda mfupi kabla ndege haijagonga ardhi. Alipona.

Leo rubani huvuta mpini ulio kati ya mapaja. Mikanda humvuta nyuma, kifuniko hutupwa au kioo chake hupasuliwa na uzi wa baruti, miguu hubanwa isipigwe na upepo, mtutu hulipuka, kisha roketi. Mwavuli mdogo hukituliza kiti hewani kabla ya ule mkubwa kufunguka. Karibu na ardhi, yote haya huisha ndani ya sekunde chache.

Mgongo umepata ulinzi. Shingo ndiyo iliyoleta kesi mpya. Mwaka 2015 Jeshi la Anga la Marekani liliwazuia marubani wenye uzito chini ya kilo 62 kurusha F-35, kwa kuwa kofia nzito ya ndege hiyo ingeweza kuwavunja shingo mwavuli unapofunguka. Zuio liliondolewa mwaka 2017, baada ya kofia kupunguzwa uzito, kichwa kuwekewa kizuizi nyuma yake, na kiti kupewa swichi inayouchelewesha mwavuli mkubwa kwa rubani mwepesi.